Kuzuru Bandera, Texas: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bandera iko wapi, na ni mji wa namna gani?

Bandera ipo katika jimbo la Texas nchini Marekani, kiasi cha kilomita 80 kaskazini-magharibi mwa jiji la San Antonio, mahali ambapo tambarare ya kusini inaishia na vilima vya mawe ya chokaa vinaanza. Mto Medina unapita pembezoni mwa mji, na kingo zake zimeota miti mirefu ya saipresi, ambayo ndiyo iliyowavuta walowezi wa kwanza mwaka 1853, kwa kuwa walikuja kuipasua iwe vigae vya mbao vya kuezekea nyumba. Wakazi wa mji hawafiki 1,000. Kwa hiyo aliyezoea kwamba mji ni stendi, soko na foleni za magari ajiandae kukuta mtaa mkuu mmoja, mahakama ya kaunti, makanisa, baa kadhaa, na baada ya hapo ranchi hadi upeo wa macho.

Je, jina hilo lina uhusiano na neno letu “bendera”?

Ndiyo, na uhusiano wenyewe ni wa damu. Kwa Kihispania *bandera* ni bendera, na Kiswahili kililipata neno hilo hilo kutoka kwa Wareno waliofika pwani ya Afrika Mashariki. Masimulizi ya namna bonde hilo lilivyopata kuitwa bendera ni mengi na hayapatani, kwa hiyo usishangae ukisimuliwa matatu tofauti kwa siku moja.

Kwa nini unaitwa “mji mkuu wa makauboi duniani”?

Cheo hicho mji umejivika wenyewe, kama ilivyofanya miji mingine kadhaa ya Marekani, lakini si cha bure. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, Texas ilijaa ng'ombe wa pembe ndefu ambao hawakuwa na wanunuzi wa kutosha, ilhali kaskazini kulikuwa na reli na watu wenye njaa ya nyama. Mwaka 1874 John T. Lytle aliswaga ng'ombe wapatao 3,500 kutoka Texas ya kusini hadi Nebraska, na njia aliyoifungua, iliyokuja kujulikana kama Great Western Trail, ikawa barabara kuu ya mifugo iliyopita Bandera na kuelekea Dodge City huko Kansas. Kundi la ng'ombe 2,000 au 3,000 liliswagwa na wanaume wasiozidi 15 hivi, kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 24 kwa siku, kwa sababu mwenye mali hakutaka ng'ombe wafike sokoni wakiwa wamekonda.

Mambo mawili yaliiua njia hiyo. La kwanza lilikuwa seng'enge, ambayo ilipewa hataza mwaka huo huo wa 1874 na kuyagawa malisho vipande vipande. La pili ni jambo ambalo mfugaji yeyote wa Afrika Mashariki atalielewa bila kufafanuliwa, nalo ni kupe. Ng'ombe wa Texas walibeba ugonjwa wa kukojoa damu bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa, kwa sababu waliuzoea tangu wakiwa ndama, lakini kila walikopita ng'ombe wa wenyeji walikufa. Mwaka 1885 Kansas ikawafungia mpaka wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1893 na Theobald Smith na F. L. Kilborne ndio uliothibitisha kwamba kupe ndiye mwenezaji, na majosho tunayoyajua huku kwetu yanasimama juu ya elimu iliyoanzia kwa ng'ombe hao.

Sababu ya pili ya cheo hicho ni mabingwa wa rodeo, yaani mashindano yaliyozaliwa na kazi za ranchi, waliotoka katika kaunti hii. Mashuhuri kuliko wote ni Toots Mansfield, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kukamata ndama kwa kamba mara saba. Kwenye uwanja wa mahakama ya kaunti upo mnara wa kuwakumbuka.

Je, kauboi ni yule Mzungu wa kwenye filamu?

Huyo yupo, lakini hakuanza yeye. Kazi ya kuchunga ng'ombe juu ya farasi ililetwa na Wahispania na kukomazwa na wachungaji wa Mexico walioitwa *vaquero*, na msamiati wa kazi hiyo mpaka leo unasema ukweli huo: neno rodeo linatokana na kitenzi cha Kihispania cha kuzunguka na kukusanya mifugo, na jina la kamba ya kitanzi nalo ni la Kihispania. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu robo ya makauboi wa zama za kuswaga mifugo walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, ambao walijua ng'ombe kwa sababu ndiyo kazi waliyofanyishwa. Bill Pickett, mweusi wa Texas aliyezaliwa mwaka 1870, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wa kumrukia maksai kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa kumkamata pembe. Kabla ya wote hao, vilima hivi vilikuwa vya Wacomanche na Walipan Apache, wenyeji wa asili wa Amerika, na mgeni anayetaka historia kamili itambidi aulize kuhusu watu hao, kwa kuwa vibao vya barabarani havina nafasi kubwa kwa ajili yao.

Bado kuna ng'ombe wa kweli, au ni maonyesho tu ya watalii?

Vyote viwili, na ni heri kulijua hilo kabla ya safari. Ng'ombe wapo, pamoja na mbuzi na kondoo, ila kwa zaidi ya miaka 100 uchumi wa Bandera umeegemea pia wageni wanaotaka kuishi kikauboi kwa siku chache. Mwaka 1920 ukoo wa Buck ulianza kupokea wageni wa kulipa kwenye ranchi yao, na majirani wakaiga. Dixie Dude Ranch, iliyoanzishwa mwaka 1901 kama ranchi ya mifugo, ilifungua milango kwa wageni mwaka 1937 na ingali inafanya kazi.

Maoni yangu ni kwamba usiudharau utalii huo, lakini usiishie nao. Mtaa mkuu utakuonyesha mavazi, na kazi yenyewe utaiona ranchini, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Sijawahi kupanda farasi. Je, ranchi ya wageni itanipokea?

Itakupokea, na wengi wa wageni wake wako kama wewe. Kwa kawaida malipo ya usiku mmoja hujumuisha malazi, milo na safari moja au mbili za farasi kwa siku, na msafara huenda kwa mwendo wa kutembea, mfanyakazi mmoja mbele na mwingine nyuma. Ranchi nyingi zina kikomo cha uzito wa mpandaji kwa ajili ya kumlinda farasi, basi uliza mapema na ujibu kwa ukweli. Vaa suruali ndefu ya jinzi, hata kama kuna joto, na kiatu chenye kisigino.

Utamwona mfanyakazi akimtandika farasi, akivuta mkanda wa tumboni, kisha akiondoka kama aliyemaliza. Baada ya dakika chache atarudi kuukaza tena, na mara hii ataupata ulegevu wa vidole viwili au vitatu. Farasi mzoefu hujaza pumzi tumbo anapofungwa, akijua kwamba akishaitoa mkanda utalegea, na mtandikaji mzoefu humwachia aitoe. Panda kwa upande wa kushoto. Shika hatamu kwa mkono mmoja, kwa kuwa farasi wa huko hufundishwa kugeuka anapohisi hatamu imegusa shingo yake, si kwa kuvutwa mdomo. Ile pembe iliyo mbele ya tandiko haikuwekwa kwa ajili ya woga wako, maana kazi yake ni kufungia kamba iliyomkamata ng'ombe, lakini ukiishika siku ya kwanza hakuna atakayekucheka mbele yako.

Rodeo ni nini hasa, na nitaiona lini?

Rodeo ni mashindano yaliyozaliwa na kazi za ranchi. Kwa mgeni anayejua mifugo, mchezo wa kutazama kwa makini ni ule wa kukamata ndama. Ndama huachiwa atangulie, mpanda farasi humfuata na kumtupia kitanzi shingoni, na papo hapo farasi husimama na kurudi nyuma kidogo ili kamba ibaki imekazika. Mwanamume hushuka, hukimbia kando ya kamba, humlaza ndama na kumfunga miguu mitatu kwa kikamba alichokuwa amekiuma kwa meno, kisha huinua mikono juu. Akisharudi juu ya farasi, ndama lazima abaki amefungwa kwa sekunde sita. Nusu ya ushindi ni ya farasi, ambaye anafanya kazi peke yake wakati mwenyewe yuko chini.

Kupanda fahali ndiko kunakojaza majukwaa: sekunde nane, mkono mmoja tu, na mkono ulio huru ukimgusa fahali mpandaji ametolewa. Alama ni 100, nusu zikitokana na mpandaji na nusu nyingine na ukali wa fahali, kwa hiyo aliyepewa fahali mpole hata akikaa vizuri hafiki mbali. Wanawake hushindana zaidi katika kuzunguka mapipa kwa farasi. Watoto hupandishwa kondoo, jambo ambalo huishia kwa vumbi na kicheko.

Huko Bandera rodeo kubwa huandamana na gwaride la wikendi ya Siku ya Kumbukumbu ya Mashujaa, mwishoni mwa Mei, katika uwanja wa Mansfield Park. Wikendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, kuna sherehe nyingine ambapo ng'ombe wa pembe ndefu hupitishwa katika mtaa mkuu. Weka nafasi ya kulala mapema sana kwa wikendi hizo mbili.

Msimu gani unafaa?

Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba. Mwishoni mwa Machi na Aprili kando ya barabara huchanua maua ya buluu ambayo ni fahari ya Texas. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, na farasi huendeshwa asubuhi na jioni tu. Kuanzia Desemba hadi Februari usiku unaweza kuganda, na chavua ya mijunipa huwasumbua hata watu wasio na mzio, wakapiga chafya wiki nzima.

Ninafikaje huko kutoka Afrika Mashariki?

Raia wa nchi za Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Marekani, inayoombwa kwa kujaza fomu ya DS-160 kwenye intaneti na kisha kufanya usaili ubalozini. Ada na masharti hubadilika, mara nyingine ghafla, hivyo soma tovuti ya ubalozi wenyewe na usitegemee maneno ya mawakala. Uwanja wa ndege wa karibu ni wa San Antonio, na kutoka hapo barabara namba 16 itakufikisha kwa muda wa saa moja hivi.

Panga kukodi gari, kwa sababu bila gari utakwama. Magari hupita upande wa kulia, nasi tumezoea kushoto. Kosa hutokea zaidi asubuhi ya pili, ukiwa umejiamini na barabara iko tupu, kuliko siku ya kwanza ukiwa na hofu. Jioni na alfajiri endesha polepole kwa ajili ya kulungu, ambao hurukia barabarani wawili wawili: ukimwona wa kwanza akipita, mngoje wa pili.

Kuna hatari gani ninazopaswa kuzijua?

Maji kuliko yote. Vilima vya chokaa havinyonyi mvua upesi, na mto ambao mchana ulikuwa wa kuvuka kwa miguu unaweza kujaa ndani ya saa chache. Mwezi Julai 2025 mafuriko ya Mto Guadalupe katika kaunti jirani ya Kerr yaliua watu zaidi ya 100. Barabara nyingi za huko hupita juu ya vijito pasipo daraja la juu, zikiwa na nguzo zenye alama za kina cha maji. Ukikuta maji yamefunika lami, geuza gari, hata kama aliyekutangulia amepita. Usipige hema karibu na mto mvua ikitabiriwa.

Kuhusu bunduki: sheria ya Texas tangu mwaka 2021 inawaruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila kibali. Unaweza kumwona mzee amefunga yake kiunoni akinunua maziwa dukani. Hilo si tishio, wala si jambo la kumuuliza.

Naweza kuingia malishoni nipige picha na ng'ombe?

Hapana, isipokuwa umekaribishwa. Karibu ardhi yote ya Texas ni mali ya watu binafsi, na rangi ya zambarau iliyopakwa kwenye nguzo au mti ina nguvu kisheria sawa na kibao cha kukataza kuingia. Mwenyeji akikupitisha kwenye geti, liache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, kwa kuwa huenda ndilo linalowapeleka ng'ombe kwenye maji.

Anayetaka kutembea kwa uhuru aende kwenye hifadhi ya Hill Country State Natural Area, kusini-magharibi mwa mji, yenye ukubwa wa hekta zipatazo 2,100. Ilikuwa ranchi, na familia iliyoitoa kwa jimbo ilitaka ibaki bila kuguswa na mambo ya kisasa. Ombi limeheshimiwa kiasi kwamba itakubidi uchukue maji yako ya kunywa.

Chakula kikoje, hasa kwa Mwislamu?

Ni nyama, tena nyingi. Kuna kidari cha ng'ombe kilichokaushwa kwa moshi wa kuni usiku kucha hadi kikalainika, kuna nyama iliyopigwapigwa, ikavingirishwa kwenye unga na kukaangwa kama kuku, na kuna vyakula vya Kimexico kila kona. Mgahawa wa OST, uliopo tangu mwaka 1921, una viti vya kaunta vilivyotengenezwa kwa matandiko ya farasi, navyo ni vya kupigia picha kuliko kukalia muda mrefu.

Mwislamu awe macho mahali ambapo hatarajii. Nguruwe hujificha kwenye maharage, kwenye mboga za majani, na kwenye ule mchuzi mweupe wa asubuhi unaomwagwa juu ya mikate midogo. Niliwahi kuagiza maharage matupu katika mkahawa mmoja wa njiani, nikahakikishiwa kwamba hayana nyama, na kijiko cha kwanza kikaja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mhudumu alishangaa kwa dhati, kwa kuwa kwake hiyo ni kiungo tu. Uliza kwa kuitaja nguruwe kwa jina, pamoja na mafuta yake. Nyama ya halali itafute San Antonio kabla ya kupanda vilimani.

Bei iliyoandikwa haina kodi ya mauzo ndani yake, ambayo hufikia asilimia 8.25, na mhudumu hutegemea bakshishi ya asilimia 15 hadi 20.

Kuna adabu gani za wenyeji?

Salimia. Kwenye barabara za mashambani dereva anayepishana nawe huinua vidole viwili bila kuuachia usukani, nawe jibu hivyo hivyo. Mkubwa huitwa kwa neno la heshima, na kijana wa huko humwitikia mama wa makamo kwa unyenyekevu ambao bibi zetu wangeukubali.

Usimuulize mfugaji ana ng'ombe wangapi. Kwake ni sawa na kumuuliza ana fedha kiasi gani benki. Msomaji aliyekulia kwa Wamaasai, Waboran au Wasukuma hatahitaji kuelezwa. Uliza badala yake kuhusu mvua na malisho, na utapewa kiti.

Kofia ya mtu haiguswi. Huvuliwa wakati wa sala na wimbo wa taifa, na haiwekwi kitandani, kwa kuwa wanaamini huleta nuksi.

Mjini kuna nini cha kuona?

Nenda kwanza kwenye Frontier Times Museum, iliyofunguliwa mwaka 1933 na J. Marvin Hunter, mchapishaji wa magazeti aliyekusanya kumbukumbu za waswagaji mifugo wakiwa bado hai. Ni jengo la mawe lenye vitu bila mpangilio wa kisasa: matandiko, kengele za kila nchi, hata kichwa cha binadamu kilichosinyazwa kutoka Amerika Kusini. Kanisa la Mtakatifu Stanislaus ni la wahamiaji wa Kipolandi waliofika mwaka 1855. Jioni kuna muziki wa kantri na dansi katika baa, na Wakenya watajikuta wanazijua nyimbo nyingi kuliko walivyodhani. Pombe hauziwi aliye chini ya miaka 21, na kitambulisho huombwa hata kwa mwenye mvi.

Ni kweli kulikuwa na ngamia?

Kweli kabisa. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kutoka nchi za Mediterania na kuwaweka Camp Verde, zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa Bandera, ili wabebe mizigo jangwani. Pamoja nao walikuja wachungaji Waislamu, akiwemo Hadji Ali, ambaye Wamarekani walilishindwa jina lake wakamwita Hi Jolly. Ngamia walibeba mizigo vizuri kuliko nyumbu, lakini farasi waliwaogopa na askari waliwachukia, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 mpango ukafa.

Ninunue buti na kofia?

Nunua buti iwapo utapanda farasi. Kisigino kirefu huzuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, na shingo pana bila kamba huuwezesha mguu kuchomoka ukianguka, badala ya kuburutwa. Kofia ya pama ya majani huvaliwa miezi ya joto, na ya manyoya yaliyoshindiliwa miezi ya baridi. Muuzaji anayejua kazi yake ataishikilia juu ya mvuke na kuikunja ukingo ikufae usoni, basi usiondoke kabla hajafanya hivyo. Ukirudi nyumbani usiitie kwenye begi. Ivae hadi ndani ya ndege, kisha ilaze kichwa chini na ukingo juu, kama wafanyavyo wenyewe wakiiweka mezani, kwa kuwa ukingo uliolaliwa na uzito wa kofia kwa saa ishirini haurudi tena.